Mfilipino aliyetozwa faini kwa kusema 'pole'

MSOMAJI wangu, kuna watu wakikumbuka utoto wao wanataja Magomeni, wengine Ngamiani kule Tanga, wengine Mwanjelwa. Mimi nikitaja wa kwangu watu wananiangalia usoni kwanza, waone kama natania. Utoto wangu upo Los Baños, mji mdogo kama kilomita 65 kusini ya Manila, nchini Ufilipino. Sikufichi, ni miaka minne tu, 1989 mpaka 1993. Lakini ndiyo ile miaka ambayo mtu anajifunza kucheza, kuibia mtihani na kupenda kwa mara ya kwanza. Ukishaimalizia mahali, imebaki hapo hapo.

Ilikuwaje? Dingi alikuwa bwana shamba, mtu wa mpunga. Na kwa watu wa mpunga Los Baños ni kama Ulaya kwa wacheza mpira. Pale ndipo ilipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo mwaka 1966 ilitoa ile mbegu maarufu ya IR8 iliyoongeza mavuno Asia nzima. Jirani yake kuna chuo kikuu kilichoanza kama chuo cha kilimo mwaka 1909. Dingi akapata nafasi ya kusoma, akatubeba wote: maza, dada yangu mdogo, na mimi mwenye miaka tisa na kaptula inayonibana.

Mji wenyewe nyuma una Mlima Makiling na mbele una Laguna de Bay, ziwa kubwa kuliko yote nchini mwao. Chini ya ardhi kuna maji ya moto, ndiyo maana Wahispania waliupa jina linalomaanisha mabafu. Wenyeji wanasimulia kuwa mlimani anaishi Maria Makiling, binti wa ajabu anayelinda msitu. Matunda ya huko ruksa kula hapo hapo, ila ukibeba ya nyumbani unapotea njia. Maza, mtu wa Tanga, alisikiliza hadithi hiyo mpaka mwisho, akasema, "Hayo mbona ya kwetu."

Basi bwana, siku ya kwanza shuleni. Asubuhi mstari, bendera juu, wimbo wa taifa, kiapo cha uzalendo, mkono kifuani. Mimi nikasimama kama mlingoti wa pili. Walipomaliza, darasa zima likageuka kunitazama. Mmoja akanishika nywele akakimbia, wa pili akaja, wa tatu akaleta mdogo wake. Wakauliza natoka wapi, nikawaambia. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa "Tanzan".

Kule kila mtaa una ringi ya mpira wa kikapu, hata kama ni ringi ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye mnazi. Walipoona mtoto mweusi, wakaamini Michael Jordan ameletewa mtaani kwao. Mapumziko yakagombaniwa: Tanzan acheze timu ipi? Nikaingia uwanjani kifua mbele. Mpira ukaja, nikautuliza kwa mguu, nikapiga shuti. Nakwambia, ukimya uliofuata sijausikia tena. Timu iliyonipigania ndiyo hiyo hiyo iliyoniomba nikae benchi kwa miaka minne.

Aliyekuja kukaa na mimi benchi ni jirani yangu wa dawati. Alinizidi mwaka mmoja, kwa hiyo nilimwita Kuya, maana yake kaka mkubwa. Kule huiti aliyekuzidi kwa jina kavu, ni utovu wa adabu. Dada mkubwa ni Ate, mama wa rafiki yako ni Tita, bibi ni Lola. Na mzee ukikutana naye unaupokea mkono wake unaugusisha kwenye paji la uso wako na kusema "Mano po". Maza aliipenda sana hiyo. Alisema ni shikamoo ya vitendo.

Kuya ndiye aliyenifundisha Kitagalogi, na mwezi wa kwanza kilinitoa jasho, maana kimejaa maneno ya Kiswahili yaliyopotea njia. "Bata" ni mtoto. "Pera" ni pesa. "Wala" ni hakuna. Ndizi wanazokaanga na sukari zikachomwa mshikaki zinaitwa "saba", nami nikawa nalalamika mbona nimepewa mbili. Kwenye jeepney, yale magari yao yaliyozaliwa kutokana na jeep za jeshi la Marekani zilizobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, nauli inapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, hakuna konda, na watoto wakitaka kushuka wanamwita dereva, mwanaume na masharubu yake, "Mama!" Siku moja tulibadilishana karatasi za hesabu tusahihishiane. Yangu ikarudi imeandikwa "mali" kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Nikaenda nyumbani nafurahi. Kumbe "mali" maana yake umekosa.

Na karatasi zenyewe ilikuwa vita. Mwalimu akisema jaribio, anataja na ukubwa: robo karatasi, nusu ya kulala, nusu ya kusimama, au nzima. Katika darasa la watu arobaini wenye karatasi ni watano, na wote wanajifanya viziwi. Waliobaki ni kuomba tu: "Pengeng papel!" Ukitaka kujua nani rafiki yako Ufilipino, usikope pesa, omba karatasi. Kuya alinikatia yake miaka yote minne.

Jioni kulikuwa na zamu ya usafi. Sakafu ilipakwa nta nyekundu, halafu unachukua nusu ya kumbi la nazi, unalikanyaga kwa mguu mmoja na kulisugulisha mbele na nyuma mpaka sakafu ing'ae. Hapo kiuno kinafanya kazi kama uko dansini. Baada ya hapo mtaani. Kopo linasimamishwa, mmoja analilinda, wengine wanalipiga kwa ndala zao na kukimbia kuziokota kabla hawajaguswa. Kombolela na rede vikioana, mtoto wao ndiye huyo. Tukichoka tunakwenda kwa muuza viduara vya samaki vya kukaanga, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye mchuzi mtamu wenye pilipili. Kimoja kwa sarafu moja ya sentimo 25, ile ndogo yenye picha ya kipepeo.

Hiyo sarafu ya kipepeo ndiyo iliyonileta kwenye hadithi yangu ya leo.

Shule yetu, jina naliacha, ilikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyeweka kopo la maziwa juu ya meza. Kwenye kipindi chake ukiponyokwa na neno lisilo la Kiingereza unalipia kipepeo mmoja. Neno moja, sentimo 25. Hakuwa mkatili. Alikuwa mama mnyoofu, anayeamini kabisa kuwa Kiingereza ndicho kitakachotupatia kazi. Na nchi yenyewe ilishaamua hivyo, kwa sababu tangu 1974 hesabu na sayansi zilifundishwa kwa Kiingereza, na masomo mengine kwa lugha ya taifa. Mimi nilikuwa na Kiswahili nyumbani, Kitagalogi mtaani na Kiingereza cha kopo. Nilifilisika. Mara nyingi Kuya alinilipia, siku hiyo akakosa viduara vyake.

Jumatatu, Julai 16, 1990, saa kumi na dakika 26 jioni, tulikuwa zamu ya usafi. Mimi niko juu ya kumbi langu. Nikahisi sakafu inaniendesha badala ya mimi kuisugua. Madirisha yakaanza kulia, ubao ukaning'inia upande, kopo la faini likaanguka na vipepeo vikatawanyika darasa zima. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, nikamwita mama yangu. Mwalimu alitukumbatia pale chini ya meza akapaza sauti, "Diyos ko! Mga anak ko!" Mungu wangu! Wanangu!

Sisi tulisalimika. Lakini kaskazini kwetu watu zaidi ya 1,600 walikufa. Mji wa Baguio ulivunjika vibaya, na mji wa Cabanatuan jengo la shule liliporomoka likiwa na wanafunzi ndani. Watoto kama sisi, waliokwenda kusoma tu.

Shule ilipofunguliwa darasa lilikuwa kimya kama msibani. Kuya akanyoosha mkono. Akasimama, akasema kwa Kiingereza safi kabisa kuwa amepiga hesabu: siku ya tetemeko mwalimu alisema maneno matano, kwa hiyo anadaiwa piso moja na sentimo 25. Tukajua leo atachapwa. Mwalimu akamtazama kwa muda, akafungua pochi, akahesabu vipepeo watano, akavidondosha koponi kimoja kimoja. Darasa likacheka, na yeye akacheka mpaka akafuta macho.

Haikupita mwezi. Agosti 2, 1990 Iraki ikaivamia Kuwait. Na Kuwait ndiko alikokuwa mama yake Kuya.

Vijana wa leo mnafahamu habari ya kina dada wanaokwenda Oman na Dubai kufanya kazi za ndani. Wafilipino walitutangulia. Serikali yao ilianza kusimamia rasmi kupeleka wafanyakazi nje tangu 1974, na mtaani kwetu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu Saudia, Hong Kong au melini. Kuya aliishi na Lola wake aliyekuwa na duka la kona, mfano wa duka la Mangi, anauza sigara mojamoja na mafuta ya kupima. Mama alikuwa sauti kwenye kaseti. Kila baada ya miezi michache ilikuja boksi kubwa lenye sabuni, chokoleti na viatu vilivyopishana na mguu, na ndani yake kaseti. Lola anaiweka kwenye redio, nyumba nzima inakaa kusikiliza mama akiuliza, kwa Kitagalogi, nani amekua, nani anaumwa, nani hasomi.

Agosti ile kaseti haikuja. Wala Septemba.

Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia "sorry". Akaniangalia, akauliza, "Kwani wewe umefanya nini?" Nikakwama. Nikamweleza kuwa kwetu lipo neno la mtu ambaye hajakukosea, ila ameona unaumia. Ukijikwaa unaambiwa, ukifiwa unaambiwa, hata ukitoka kazini umechoka unaambiwa. Neno lenyewe ni pole. Akalirudia taratibu, po-le, kama anaonja kitu.

Agosti hiyo hiyo kulikuwa na Wiki ya Lugha. Hapo shule nzima inavaa nguo za asili, inaimba na kughani kwa lugha ya taifa, na kopo linafichwa kabatini. Wiki moja lugha ni malkia, wiki zilizobaki ni mwizi. Kuya alipangiwa shairi. Akapanda jukwaani, akafungua mdomo, sauti ikagoma. Akashuka. Aliporudi kukaa nilimwambia pole, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia.

Wiki iliyofuata kopo likarudi mezani. Mwalimu akaniita kusoma, nikavuruga, darasa likaguna. Kuya akaninong'oneza, "Pole." Mwalimu akasikia.

"Hiyo ni lugha gani?"

"Kiswahili, Ma'am."

"Siyo Kiingereza. Sentimo 25."

Kuya akalipa. Mpaka leo naamini ndiye Mfilipino wa kwanza duniani kutozwa faini kwa kuongea Kiswahili. Lakini mwalimu akaniuliza neno hilo lina maana gani, nikamweleza kama nilivyomweleza Kuya. Hakusema kitu. Akaendelea na kipindi.

Siku kadhaa baadaye tulikuwa tunaandika, kimya. Mwalimu akawa anapita katikati ya madawati kukagua. Alipofika kwetu akaweka mkono begani kwa Kuya, akainama, nikamsikia anasema polepole, "Pole." Halafu akarudi mezani kwake, akafungua pochi, akadondosha kipepeo mmoja koponi. Ting. Hakuna aliyecheka.

Mama alirudi mwezi wa kumi. Walitolewa wengi kupitia Iraki mpaka Jordan, wakalala jangwani, wakapandishwa ndege. Alifika na mfuko mmoja wa plastiki, bila boksi. Desemba tulikwenda wote kwenye zile ibada zao za alfajiri, siku tisa mfululizo kabla ya Krismasi, na nje ya kanisa tukala bibingka. Ni mkate wa unga wa mchele na tui, makaa chini na makaa juu. Maza alipouonja alikaa chini kwenye ngazi za watu. Mkate wa kumimina, upande wa pili wa dunia! Ikabidi yeye apewe pole.

Miaka iliyobaki ilikimbia. Juni 1991 Mlima Pinatubo ulilipuka, majivu yakafika mpaka Manila. Mwaka 1992 na 1993 ukaja mgao wa umeme wa saa nyingi kila siku, tukasoma kwa mishumaa. Machi 1993 tukamaliza darasa la sita. Kila mtu akazungusha daftari lake la kumbukumbu lenye maswali: rangi unayopenda, mwigizaji unayempenda, mapenzi ni nini. Kwenye la kwangu Kuya alijibu swali la mwisho kwa neno moja. Mnalijua.

Nikarudi Dar. Kiswahili changu kimepinda, wenzangu wananiita Mchina. Nikakinyoosha, Kitagalogi nikakitupa, maana ningeongea na nani? Anwani ya Kuya ikapotea tulipohama nyumba.

Mwaka 2023 kazi ikanipeleka Manila, semina ya siku nne. Siku ya tano nikapanda basi. Tukapita Calamba, alikozaliwa shujaa wao José Rizal mwaka 1861, tulikopelekwaga ziara na shule. Nikaona mabango ya buko pie, ile pai ya dafu ambayo ndiyo fahari ya Los Baños, nikajua nimefika. Makiling ulikuwa pale pale, umevaa wingu lake. Nikadandia jeepney, nikapitisha nauli mkono kwa mkono, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Bayad po." Nauli hii hapa, kwa heshima. Miaka 30 sijalitamka.

Duka la kona lipo, na wavu wake mbele. Ndani ameketi bibi wa nywele nyeupe. Nilimjua kabla hajanijua. Nikaupokea mkono wake nikauweka kwenye paji la uso. "Mano po, Tita." Akanikazia macho, akapiga ukelele, "Tanzan!"

Tukaongea, na kila neno likarudi. Kasoro moja, Kitagalogi changu kiligoma kukua. Naongea kama mtoto wa miaka kumi, na kipara changu. Wajukuu wakawa wanabingirika kwa kicheko. Kiingereza cha kwenye kopo nimekisoma tena mara nyingi, sekondari, chuo, kazini, siwezi kukwambia kipi nilijifunza wapi. Lakini yale maneno niliyotozwa faini, kila moja najua nililipata wapi, kwa nani, na limenigharimu viduara vingapi.

Kuya hakuwepo. Ni baharia. Tita akachukua simu, akampigia kwa video. Uso ukatokea, mnene, nyuma yake bahari. Tukatazamana kama watu waliokatiwa lugha zote. Kisha akanisimulia. Mwaka 2016 meli yake ilitia nanga Dar siku tatu. Akashuka kunitafuta, na jina alilonalo ni moja tu. Akamwuliza mlinzi getini, "Unamjua Tanzan?" Mlinzi akamjibu, "Hapa wote ni Watanzania."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Akasema hakukata tamaa. Kulikuwa na kijana amebeba gunia, jasho linamtiririka, Kuya akamwambia, "Pole." Kijana akajibu, "Asante, bro." Kuya akasema alirudi melini na furaha isiyo kifani. Neno bado linafanya kazi.

Nilipotoka nikapita shuleni. Watoto walikuwa wanatoka, wanachanganya Kitagalogi na Kiingereza bila hofu ya kopo. Ubishi wa lugha kwao haujaisha. Mwaka 2012 serikali ilianza kuagiza wadogo mpaka darasa la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani kwao, na mwaka 2024 ikatoka sheria ya kuuondoa utaratibu huo. Na hapa Bongo nasikia zipo shule mtoto akiponyokwa na Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Sina ugomvi na Kiingereza, kinanilisha. Ila nawaambia wenye kopo na wenye kibao: siku ardhi ikitikisika, sikilizeni wenyewe mtapiga kelele kwa lugha gani.

Kuya anasema meli yake ya sasa huenda ikapita tena huku kwetu. Kwa hiyo wewe unayeshinda mitaa ya Bandarini na Posta, ukikutana na Mfilipino mnene anakupa pole bila sababu, usimshangae. Mwambie Tanzan anamtafuta, na deni la karatasi analikumbuka.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.